Kwa nini SLAC waling'oa shaba iliyokuwa nzima

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhandisi wa vifaa tiba hapa Dar es Salaam, kazi yangu ni kutunza linaki, yaani kichapuzi (mashine ya kuzipa elektroni kasi kubwa) cha kutibia saratani. Nimesoma kwamba kituo cha SLAC kule California waling'oa karibu kilomita nzima ya kichapuzi chao cha shaba wakaweka cha metali ya niobi, kinachopozwa hadi kelvini 2 tu (nyuzi −271 za Selsiasi). Lakini hicho kipya kinatoa elektroni zenye nishati ndogo kuliko cha zamani! Sasa hapo wameboresha nini? Na umeme wa kuendesha jokofu la namna hiyo hauli faida yote?"

Marahaba, mhandisi. Umeligusa jambo penyewe, kwa sababu wengi wakisikia kichapuzi kimeboreshwa huuliza nishati imepanda kiasi gani, basi. Kwa kipimo hicho una haki ya kushangaa. Kilomita ya mwisho ya kichapuzi cha shaba pale SLAC hufikisha elektroni kwenye elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) zaidi ya bilioni 14. Cha niobi kilisanifiwa kwa bilioni 4. Mradi mzima uligharimu dola bilioni 1.1, na ukilinganisha namba hizo mbili peke yake utasema watu wametoa fedha ili warudi nyuma.

Namba ya kuangalia ni nyingine. Shaba hutoa mipigo 120 ya elektroni kwa sekunde. Niobi imesanifiwa kufika mipigo milioni 1 kwa sekunde. Walichokinunua ni muda. Mengine yote nitakayokueleza, pamoja na lile jokofu, yanatokana na hapo.

Nianzie kwenye mashine unayoijua kwa mikono yako. Linaki ya hospitali na kichapuzi cha zamani cha SLAC ni watoto wa ukoo mmoja. Vyote viwili ni bomba la shaba lililogawanywa vyumba vyumba, na ndani yake tunaingiza mawimbi yanayotetema karibu mara bilioni 3 kwa sekunde. Ya SLAC ni megahezi 2,856. Elektroni hupanda juu ya wimbi na kusukumwa nalo. Tofauti kubwa ni urefu: bomba la SLAC lilianza kazi mwaka 1966 likiwa na kilomita 3.2.

Unajua pia, maana umeshaiona kwenye osiloskopu, kwamba mawimbi hayaingii mfululizo. Klistroni au magnetroni, vyanzo vya mawimbi hayo, hupiga kwa maikrosekunde chache, kisha hunyamaza muda mrefu, kisha hupiga tena. Sababu ni joto. Mawimbi yaliyomo ndani ya bomba hulazimisha mkondo wa umeme utembee kwenye uso wa ndani wa shaba, na shaba, pamoja na sifa zake zote, ina ukinzani. Ukitaka msukumo wa volti milioni 16 kwa kila mita, ambao ndio msukumo wa niobi ya SLAC, shaba ya aina hii itakula zaidi ya megawati 4 kwa kila mita ya bomba muda wote mawimbi yanapokuwa ndani. Kwa mapigo mafupi hilo linavumilika. Sasa jaribu kuyaacha mawimbi yakae humo bila kukatika. Chemba za niobi zinazofanya kazi hiyo pale SLAC ni 280, kila moja ikiwa na urefu wa mita 1 hivi. Ungetaka shaba ifanye kazi yao mfululizo, ungehitaji zaidi ya megawati 1,100 za kupasha ukuta tu. Hiyo ni zaidi ya nusu ya umeme wote ambao Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuuzalisha, na wote unageuka kuwa maji ya moto. Ila usingefika huko, kwa sababu shaba ingeyeyuka kwanza.

Kwa hiyo wajenzi wa zamani walifanya lililowezekana: piga kwa nguvu, kwa muda mfupi sana, kisha subiri ipoe. Pigo moja pale SLAC huchukua maikrosekunde 3.5. Zidisha kwa mapigo 120. Katika sekunde nzima, mashine ile yenye urefu wa kilomita inafanya kazi kwa muda usiofika hata nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Muda mwingine wote inapoa.

Wewe hospitalini hali hiyo haikusumbui. Uvimbe haujali kama dozi imeingia kwa mapigo au mfululizo, na mgonjwa anamaliza zamu yake kwa dakika chache. Lakini SLAC tangu mwaka 2009 hawachapui elektroni ili wazigonganishe. Wanazipitisha katikati ya safu ndefu ya sumaku zinazozichezesha kushoto na kulia, nazo hutoa eksirei kali zinazokwenda kwa mpangilio kama leza. Kila mpigo ni kama mwako wa kamera unaoweza kukamata atomu zikiwa zinasogea wakati kemikali mbili zinapoungana. Picha moja haitoshi. Molekuli nyingi hazipigwi na mwanga, na zinazopigwa hukaa kila moja kwa upande wake, hivyo mtafiti hukusanya mamilioni ya picha ndipo aone kitu. Fanya hesabu: mipigo 120 kwa sekunde, saa 24 bila kupumzika, inakupa mipigo milioni 10 na ushee. Kwa mipigo milioni 1 kwa sekunde, idadi hiyo hiyo unaipata katika sekunde 10 na ushee. Kuna majaribio ambayo kwa shaba yangehitaji miaka ya zamu, kwa hiyo hakuna aliyethubutu hata kuyaombea nafasi. Hayo ndiyo yaliyofunguliwa mlango.

Ili ufike huko unahitaji bomba ambalo mawimbi yanaweza kukaa ndani yake bila kulipasha. Hapo ndipo niobi inapoingia.

Fikiria bembea ya mtoto inayokwenda na kurudi mara moja kwa sekunde. Ukiiachia, msuguano utaisimamisha. Bembea yenye sifa sawa na bomba la shaba la SLAC ingepoteza kama theluthi mbili ya nishati yake ndani ya dakika 35, na kwa bembea hiyo si haba. Bembea yenye sifa ya chemba ya niobi ya SLAC ingehitaji zaidi ya miaka 130 kupoteza kiasi hicho hicho. Angeisukuma babu, wajukuu wa wajukuu wangeikuta bado inakwenda. Chemba ya namna hiyo haihitaji kulishwa kwa ajili ya ukuta wake. Karibu nguvu yote unayoiingiza inakwenda kwa elektroni au kwenye kuishikilia chemba kwenye mdundo wake, jambo nitakalolirudia.

Hapa wanafunzi wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tunafundishwa kwamba superkondakta, yaani metali kama niobi ikishapozwa vya kutosha, haina ukinzani hata kidogo. Ni kweli kwa umeme unaokwenda upande mmoja. Ndiyo maana sumaku ya mashine ya MRI ikishajazwa mkondo inaendelea kuushika bila kulishwa tena. Kwa mawimbi ya redio mambo hubadilika. Niobi ikipoa chini ya kelvini 9.2, elektroni zake huanza kushikana jozi jozi, na jozi hizo hupita bila kugonga kitu. Lakini hata jozi ina uzito wake. Ukiigeuza mbele na nyuma mara bilioni 1.3 kwa sekunde, huchelewa kidogo kugeuka, na katika kuchelewa huko uga wa umeme hupenya kwenye ngozi ya metali, nanomita kama 40 hivi. Humo ndani hukutana na elektroni ambazo hazijapata jozi. Hizo hugonga, na kugonga ni joto.

Kadiri unavyopoza, zisizo na jozi hupungua, tena kwa kasi kubwa mno. Kwenye kelvini 4.2, ambako heliamu ya MRI huchemka, chemba ya masafa haya hupoteza nishati makumi ya mara zaidi ya inavyopoteza kwenye kelvini 2. Ndiyo sababu ya kushuka hadi huko, kwenye nyuzi −271 za Selsiasi, baridi inayozidi hata ya anga za mbali kati ya nyota. Zawadi ya pili ni kwamba chini ya kelvini 2.17 heliamu yenyewe hubadilika tabia. Inatiririka bila mnato na inabeba joto vizuri kiasi kwamba haitoi mapovu. Kwa chemba inayotakiwa kutulia tuli, kimiminika kisichochemka ni neema kubwa.

Sasa jokofu. Kila wati 1 unayoitoa kwenye kelvini 2 inakugharimu karibu kilowati 1 ya umeme wa kawaida. Hata mtambo mkamilifu usio na kasoro ungedai wati kama 150, kwa sababu kanuni za joto haziondoleki. Zilizobaki ni hasara za kompresa na pampu za kweli. Ukisikia bei hiyo unaogopa, na ndiyo maana swali lako ni zuri. Lakini angalia kinachotolewa. Chemba moja ikiwa kazini mfululizo hutoa wati kama 10 tu za joto, chini ya taa ndogo ya chumbani. Zidisha kwa chemba 280 upate kama kilowati 3. Zidisha kwa bei ya jokofu upate kama megawati 3, kisha ongeza joto linalovuja kutoka nje kupitia mabomba na nyaya. SLAC walijenga mitambo miwili ya kupoza, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kilowati 4 kwenye kelvini 2. Weka megawati hizo chache pembeni ya zile 1,100 za shaba. Kwa kazi ya mfululizo, jokofu halili faida. Kwa kazi ya mapigo mafupi kama yako lingeila yote, na mtu akikuuzia linaki ya niobi kwa wodi yako ya leo, mkatalie.

Hizo wati 10 zisingepatikana miaka michache nyuma, na hapa kuna kisa ninachopenda kukisimulia. Pale kwenye maabara ya Fermilab, Illinois, Anna Grassellino na wenzake walikuwa wanajaribu kutengeneza tabaka la nitridi ya niobi juu ya chemba kwa kuioka katika hewa ya naitrojeni. Chemba ikatoka mbaya. Walipoikwangua uso kidogo kwa asidi na umeme, wakatarajia irudi kama zamani, ikawa bora kuliko chemba yoyote ya kawaida. Naitrojeni kidogo iliyobaki ndani ya ngozi ilikuwa imepunguza upotevu zaidi ya mara mbili. Walichapisha matokeo hayo mwaka 2013. Kanuni iliyotumika SLAC ni fupi kama ya upishi: ioke chemba katika ombwe kwenye nyuzi 800 za Selsiasi, ingiza naitrojeni kidogo kwa dakika 2, iondoe, subiri dakika 6, kisha ung'oe maikromita 5 za uso. Dakika 2 za gesi ziliokoa karibu nusu ya mzigo wa jokofu.

Utaona basi kwamba mtu anayetengeneza chemba hizi anatengeneza ngozi. Karatasi za niobi zenye unene wa milimita 3 hivi hukandamizwa kuwa vikombe, vikombe huunganishwa kwa mwali wa elektroni ndani ya ombwe hadi kupata vyumba 9 vilivyofuatana kama shanga, halafu kazi iliyobaki yote ni uso: asidi, tanuri, maji safi kabisa yanayorushwa kwa presha karibu mara 100 ya hewa, na chumba ambacho punje ya vumbi ni adui. Punje moja ikibaki ndani, uga mkali wa umeme utachomoa elektroni kwenye ncha yake, elektroni hizo zitachapuliwa bila kualikwa, zitagonga ukuta, na utapata joto na eksirei mahali usipozitaka. Wewe unalijua tatizo hilo. Kwenye shaba linaudhi. Kwenye niobi linaweza kumaliza mchezo, kwa sababu sehemu ndogo tu ya uso ikipanda juu ya joto lake la mpaka, ukinzani unarudi ghafla na chemba nzima inaanguka.

Niruhusu nitoke njiani hatua mbili. Malighafi mbili ambazo mashine hizi haziwezi kuishi bila hizo ni niobi na heliamu. Niobi nyingi ya dunia hutoka Araxá, Brazil, na sisemi kwamba iliyoko California ilitoka kwetu. Lakini kilima cha Panda, karibu na jiji la Mbeya, kina hazina ya niobi, na kilima cha Mrima kule Kwale, Kenya, vilevile. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham wakatangaza heliamu nyingi katika bonde la Rukwa. Ninapofundisha somo hili kwa wanafunzi wa kwetu, nawachorea ramani ya kusini magharibi mwa Tanzania ubaoni kabla ya kuchora chemba. Nataka wajue kwamba vitu hivi haviko mbali nao.

Turudi kwenye mdundo wa chemba, maana hapa ndipo wahandisi kama wewe mnapotoa jasho. Chemba isiyopoteza nishati ni kengele inayokubali noti moja tu. Masafa yake ni hezi bilioni 1.3 (mitetemo kwa sekunde), na ikiwa imeunganishwa na mlisho wake, upana wa noti inayoikubali ni kama hezi 30. Ukiirefusha chemba hiyo yenye urefu wa mita 1 kwa sehemu ya kumi ya maikromita, noti inahama hezi 30 hizo, na mawimbi unayoyatuma yanakuta mlango umefungwa. Lori linalopita, pampu iliyofungwa vibaya, presha ya heliamu inayopanda na kushuka, vyote vinaisogeza. Moduli za kwanza, yaani makasha ya baridi yanayobeba chemba, zilipojaribiwa, mitetemo mingi ilitoka kwenye vali za heliamu: gesi iliyokuwa katikati ya ncha ya baridi na ncha ya joto ilikuwa ikijitetemesha yenyewe kama filimbi. Ilibidi vali zifanyiwe marekebisho. Na hapa klistroni kubwa moja ya kulisha chemba nyingi haikufaa. Kila chemba ilipewa amplifaya yake ya transista, ya kama kilowati 4, ili iongozwe peke yake.

Hata sumaku ya dunia ni tatizo. Niobi ikipoa taratibu ndani ya uga huo, inaunasa ndani ya ngozi yake, na penye uga ulionaswa pana ukinzani. Na niobi iliyotiwa naitrojeni huumia zaidi kwa jambo hilo. Dawa ni kuizungushia kinga ya sumaku na kuipoza haraka ili uga usukumwe nje kabla ya kunaswa.

Jambo moja nisiliache lipite kimya: niobi haisukumi kwa nguvu kuliko shaba. Karibu na volti milioni 50 kwa mita, uga wa sumaku wa mawimbi yenyewe huvunja jozi za elektroni, na hakuna kusugua kutakakokuvusha hapo. Shaba katika majaribio ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, imefika milioni 100 kwa mita, kwa mapigo mafupi sana. Kwa hiyo ukiona mahali wameweka niobi, tafuta kitu kinachohitaji kuendelea bila kukatika.

CERN wenyewe ni mfano. Kichapuzi chao cha LEP, katika handaki la kilomita 27 ambalo leo lina kichapuzi cha LHC, kilianza mwaka 1989 na chemba za shaba. Elektroni zinazozunguka hupoteza nishati kwa kutoa mwanga, na upotevu hupanda kwa kipeo cha nne cha nishati yao. Walipozifikisha kwenye elektronivolti bilioni 104, kila elektroni ilikuwa ikipoteza zaidi ya bilioni 3 katika kila mzunguko, na mizunguko ni zaidi ya 11,000 kwa sekunde. Hasara ya namna hiyo inalipwa bila kupumzika au mwale unakufa. Chemba 288 za superkondakta, nyingi zikiwa za shaba iliyopakwa niobi ndani, ndizo zilizolipa deni hilo hadi mashine ilipofungwa mwaka 2000. Nao wa maabara ya Jefferson Lab, Virginia, ambao kichapuzi chao kilikuwa cha niobi tangu mwanzo, waliacha nafasi tupu kwenye mahandaki yao, wakaja kuingiza moduli mpya 10, kila moja ikiwa na volti milioni 100. Kwa kuwa elektroni zao hupita humo hadi mara tano na nusu, nishati ikatoka bilioni 6 hadi 12.

Je, siku moja niobi itafika kwako? Dalili ninayoifuatilia ni niobi iliyopakwa bati na kuokwa pamoja, inayobaki superkondakta hadi kelvini 18 hivi. Hiyo inaweza kufanya kazi vizuri karibu na kelvini 4, na maabara za Marekani zimeshaonyesha chemba za namna hiyo zikipozwa na jokofu dogo la kuchomeka ukutani, kwa kugusana tu, bila heliamu ya kimiminika. Ninaiona ikienda kwanza kwenye kusafisha maji taka na kuua vijidudu kwenye vifaa, kazi zinazohitaji mwale mnene wa mfululizo. Tiba ya saratani bado ni uwanja wa shaba.

Na ile shaba ya SLAC haikustaafu yote. Kilomita ya kwanza ndiyo iliyotolewa kupisha moduli 37 za niobi, zilizofikishwa kelvini 2 mwaka 2022 na kutoa eksirei zake za kwanza Septemba 2023. Kilomita ya katikati inatumika kujaribu kuchapua elektroni ndani ya plazima (gesi yenye chaji za umeme). Ya mwisho bado inapiga mara 120 kwa sekunde, kwa sababu kuna eksirei kali ambazo elektroni za bilioni 4 haziwezi kuzitoa. Ndiyo maana mradi unaofuata unaongeza moduli 23 za niobi, ili mwale wa mfululizo nao ufike bilioni 8.